Saa ya Mbizi Ndani ya Besheni

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka meno yangu bado yanasagana. Watu wameniambia niisamehe. Siku haisamehewi, husamehewa mtu, na yule mtu hajawahi kuja kuomba.

Nilikuwa msichana wa kufua. Baba alitangulia, mama akamfuata, na mimi kifungua mimba nikatoka darasa la saba nikashika besheni, kwa sababu nyuma yangu kulikuwa na Mutua, ambaye nilitaka abaki shuleni, na Kalondu, ambaye alikuwa hajui hata kufunga kamba za viatu. Tulikaa chumba kimoja Kawangware. Asubuhi nilivuka mto kwenda kwenye mitaa ya mageti, ambako wanawake tulikaa ukingoni mwa barabara tukingoja kuitwa. Aliyeitwa alifua mpaka nguo ziishe au mwenye nyumba aseme basi. Na mwenye nyumba ndiye aliyekuwa na saa. Ukimuuliza, "Madam, ni saa ngapi?" alikujibu, "Bado mapema." Sikuwahi kupewa jibu lingine.

Lakini mimi nilikuwa na saa kumi na moja yangu. Ikifika saa hiyo jioni, mwalimu wa nasari ya Kalondu, kule upande wa Riruta, alifunga geti akaenda kwake, na mtoto ambaye hajachukuliwa alibaki nje. Mwalimu simlaumu sana, naye alikuwa na watoto wake. Ndiyo sababu nilihitaji saa iliyo mkononi mwangu, si ukutani mwa mtu.

Ya kwanza niliinunua kwa mchuuzi aliyezitundika kwenye kadibodi. Mgongoni iliandikwa kwamba haiingii maji. Sabuni iliimaliza kabla mvua hazijaanza. Nikanunua nyingine, ya kung'aa zaidi, yenye maandishi makubwa zaidi. Sasa siku ninayokuambia nilikuwa nafua mablanketi nyuma ya nyumba moja niliyoizoea, kwenye kivuli cha ukuta, na mbingu imeziba kwa mawingu. Nikatazama mkono: saa tisa na nusu. Nikasugua, nikasuuza, nikatazama tena: saa tisa na nusu. Nikajiambia, leo mkono wangu ni mwepesi. Nikaendelea, nimefurahi, mpaka taa ya jikoni ikawashwa juu ya kichwa changu.

Askari wa getini aliponiona alicheka. "Siste, kwani leo unalala huku?"

Nilikimbia. Mvua ilinikuta njiani. Geti la nasari lilikuwa limefungwa na hapakuwa na mtoto. Niliita jina lake mpaka sauti ikakatika. Nilimkuta karibu na daraja, amekaa juu ya gunia kwa mama mmoja muuza makaa, ameloa, uso umejaa masizi.

"Hii mtoto ni yako?" mama yule alinifokea. "Nimeuliza kila mtu mwenye miguu! Ilikuwa inaenda kwa mto!"

"Ni ya mama yangu."

"Basi mwambie huyo mama yako..."

"Alikufa."

Akavua leso yake akamfunika Kalondu, akaanza kupanga makaa ambayo yalikuwa yamepangwa tayari. Na Kalondu akaniambia, bila kulia, "Nilikuwa nakuja kukusaidia kufua, ndio umalize."

Hapo ndipo hasira hii ilipozaliwa.

Jumapili, badala ya kanisa, nilitembea hadi Makina, kule Kibera, kwa fundi wa saa aliyeitwa Mzee Ramadhani. Nilikuwa nimesikia kwamba ni mkali. Nikamwekea saa yangu mezani kama mtu anayeweka kesi.

"Nataka itengenezwe."

Aliifungua kwa kijisu, akanigeuzia nione. Ndani kulikuwa na kutu ya kijani na povu la sabuni. Hapakuwa na hata mpira wa kuzuia maji.

"Hii uliifuata wewe, au ilikufuata barabarani?"

"Ilipita na mchuuzi."

"Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hukununua saa, binti. Ulinunua maandishi."

"Lakini Mzee, imeandikwa wazi kwamba..."

"Hata mimi naweza kukuandika mgongoni kwamba wewe ni samaki. Utaogelea?"

Watu wa kibanda cha jirani walicheka. Mimi sikucheka. Nilimweleza habari ya Kalondu pale pale, kwa sauti ya juu, nikimnyooshea kidole kana kwamba ni yeye aliyeniuzia. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha naye akapandisha sauti.

"Hasira umeniletea mimi kwa nini? Mimi nilikulazia mtoto kwenye mvua? Peleka hasira yako inakohusika, na kabla ya kuipeleka, nunua kitu kisichokudanganya. Nyoosha mikono."

Nikainyoosha. Vidole vilikuwa vimejikunja kwa maji, kucha nyeupe, ngozi imepasuka kwa dawa ya kung'arisha nguo. Aliitazama muda mrefu, na sauti yake ikashuka.

"Mpiga mbizi huingia majini akatoka. Wewe unaishi humo. Tafuta saa ya mpiga mbizi."

Nilidhani ananidhihaki. Saa ya mbizi, mimi, wa Kawangware! Akaniambia si zote ni za matajiri. Zipo za bei ya mtu wa kawaida, na yeye alikuwa nayo moja, kuukuu, yenye uso mweusi na jina ambalo sikulijua na ambalo hakulisifu. Halafu akanifundisha kuipima. Nakupa wewe kama nilivyopewa, mwanangu, kwa sababu kunyimana elimu ni uchoyo.

Alianza na mshale wa sekunde. Ukiruka tik, tik, hiyo ni ya betri, na yeyote anayekuuzia kwa jina la otomatiki ni mwizi. Wa hii uliteleza. Akanitikisia saa sikioni nisikie kipande kizito kikizunguka ndani. Hicho ndicho kinachoitia ufunguo kila unapopunga mkono, na mkono unaofua haukosi kupunga. Akalishika lile duara la nje lenye alama za dakika, akalizungusha. Lilikwenda upande mmoja tu, kwa mlio mkavu. Nikauliza kwa nini halirudi.

"Mpiga mbizi hulitumia kuhesabu hewa yake," alisema. "Akijigonga kwenye mwamba likasogea, lisije likamwambia hewa bado nyingi. Saa nzuri ikikosea, ikosee upande wa kukuokoa. Likizunguka pande zote mbili, hilo ni pambo, mrudishie mwenyewe."

Kitufe cha ubavuni kilifungwa kwa kukazwa kama kifuniko cha chupa, na akanionya nisikifungue mkono ukiwa na maji. Mwisho akafanya jambo ambalo sijaona muuzaji mwingine akilifanya kwa hiari yake. Aliitumbukiza saa kwenye jagi la maji, akaiacha humo huku akinywa chai. Kisha akaipasha moto kidogo ubavuni mwa birika na kudondosha tone moja la maji baridi juu ya kioo. Kama kuna unyevu ndani, alisema, ukungu utajikusanya chini ya tone na kukataa kuondoka. Tulitazama pamoja, vichwa vimegusana. Kioo kilibaki safi.

Wala hakunificha kasoro zake, na kwa hilo namheshimu mpaka leo. Ni nzito. Mpira wa mkanda utakuwasha ngozi usipoukausha. Itakimbia mbele kidogo, kwa hiyo kila Jumapili irudishe kwa kufuata saa ya redio. Ukiivua siku mbili italala. Na zile mita zilizoandikwa zilipimwa kwa maji baridi na safi. Maji ya moto na sabuni hula mpira wa ndani, kwa hiyo fundi aubadilishe kila mwaka. Nilimpa akiba yangu ya chama cha kuchangiana, nikaivaa. Ilinikaa kama pingu, lakini pingu niliyojifunga mwenyewe.

Mwanangu, ile saa ilifanya kazi. Lile duara la kuhesabia hewa mimi nililitumia kuhesabia dakika za nguo nyeupe ndani ya dawa, maana zikilala humo kupita kiasi zinaoza, na shuka likioza unalilipa wewe.

Sasa nikuambie hasira ilipokwenda.

Nilikuwa tena kwenye ile nyumba ya mablanketi. Nikatazama mkono, nikamwita mwenye nyumba. "Madam, saa kumi imefika. Namalizia hili shuka naenda kumchukua mtoto."

Akanionyesha saa ya jikoni kupitia dirishani. Ilisema saa nane na nusu. "Hako kasaa kako ni kabovu. Endelea."

Nikababaika. Nakuambia ukweli, niliitazama ile ya ukutani na yangu, na nikawa tayari kuamini ya ukutani, kwa sababu ilikuwa ya nyumba kubwa. Maskini hujifunza mapema kutilia shaka kilicho chake. Lakini redio ilikuwa inaimba sebuleni, na wimbo ukakatwa, ikalia ile milio yake, na mtangazaji akasema: saa kumi kamili.

Madam aliingia ndani akaizima. Hakusema, "Kumbe!" Hakuitazama saa ya jikoni kwa mshangao. Aliizima tu redio, na nilipoona hivyo nikaelewa kwamba aliirudisha ile saa nyuma kila siku ya kufua. Alijua nina mtoto anayengoja. Nilikuwa nimemwambia kwa mdomo wangu, nikiomba.

Alipotoka alikuwa amepata maneno. "Na hiyo ni saa ya mwanaume. Umeitoa wapi? Vua niione."

Wahenga walisema hasira hasara. Nawaheshimu, lakini waliosema hivyo hawakuwa na povu hadi viwikoni mbele ya mtu anayeiba jioni za mtoto yatima. Sikupiga kelele. Nililikamua shuka lililokuwa mkononi, nikalianika, kwa sababu kazi niliyoishika siiachi ikidondosha maji. Nikasuuza mikono.

"Sivui," nikamwambia. "Nimeinunua. Ya ukutani ndiyo uiulize imeitoa wapi saa nane na nusu."

"Ukitoka kwa hiyo geti, usirudi!"

Nikatoka. Askari alikuwa ameshapigiwa simu. Alisimama katikati ya njia akiona aibu. "Siste, naambiwa nikukague. Hiyo saa ni yako?"

"Ni yangu."

"Basi ni saa ngapi?"

"Saa kumi na dakika tano."

Akalifungua geti. Nilifika Riruta Kalondu akiwa bado ndani anaimba na wenzake. Ile nyumba sikurudi, na wiki zilizofuata tulikula mboga ya sukuma bila mafuta. Mutua alinung'unika, "Si ungemwonyesha tu saa, yaishe?" Nikamwambia ale anyamaze.

Juzi mtoto wa huyo huyo Mutua alikuja kwangu mkono ukimeremeta. "Anti, cheki hii kitu! Diva, ile ya mbizi, otomatiki, mita mia mbili! Nimeipata kwa simu, bei ya kutupa."

Nilikuwa na besheni mbele yangu. "Itie humu."

Akauvuta mkono nyuma. "Zii, Anti, usiniharibie!"

"Unaogopa besheni, na umenunua mita mia mbili? Utapigia mbizi wapi, kwenye mtaro wa Silanga? Zungusha hilo duara." Lilizunguka pande zote. Nilimfokea mpaka majirani wakatoka nje, na sijutii. Lakini hasira yangu kubwa si kwake. Ni kwa hao wanaoandika mita kwenye bati, wakijua kabisa anayenunua hana hela ya kununua mara ya pili.

Basi sikia nasaha yangu, mwanangu. Usipime kitu kwa kilichoandikwa wala kwa mng'ao wake. Kipime kwa kazi utakayokipa, tena mbele ya anayekiuza, na akikataa kisipimwe, jibu umelipata. Usione haya kununua cha bei nafuu. Cha bei nafuu kinachosema kasoro zake kitakufaa kuliko cha ghali kinachojisifu. Ukishakipima kikawa kweli, kiamini, hata nyumba kubwa ikikuambia vingine. Na mtu akikuamuru uvue kilicho chako ili athibitishe hukuiba, usivue. Hasira yako usiitupe ovyo kwa fundi asiyehusika kama nilivyofanya mimi. Itunze, uipeleke inakohusika, uiseme mara moja, kisha uondoke kwa wakati.

Mwenyezi Mungu aibariki mikono yako isikose kazi, akuepushe na wenye midomo mitamu, na jioni zako ziwe zako.