Maharage ya Rangi Moja

Mama yangu alipanda aina kumi na saba za maharage kwa pamoja. Niliwahi kuyamwaga kwenye ungo nikahesabu, nikapata kumi na sita. Nikarudia. La kumi na saba lilikuwa jeupe, dogo, lenye doa jeusi kwenye kitovu. Mbegu hiyo mama aliachiwa na mama yake.

Kwetu Litembo wanawake wote walipanda hivyo, mbegu zimechanganywa, kwenye ngoro, yale mashimo ya mlimani yanayozuia maji yasiondoke na udongo. "Mungu haniambii mwaka huu ataleta jua au mvua," mama alisema. "Na mimi simwambii nimepanda nini."

Mimi nilikuwa mjanja wa soko la Mbinga. Biashara ya mazao ilipofunguliwa kwa watu binafsi, malori ya wafanyabiashara yakaanza kutupandia milima, na kila lori lilitaka rangi yake. Mnunuzi mmoja, meno ya kahawia kwa ugoro, alizamisha mkono kwenye gunia langu, akatema mate karibu kabisa na mguu wangu.

"Dada, unauza maharage au shanga?"

"Shanga ningekupandishia bei. Beba."

"Kawavalishe wajukuu. Mimi nataka mekundu. Mekundu matupu."

Mate yake yalinitia kinyaa. Bei yake haikunitia. Nikapanda kwa mama kumwambia msimu ule tupande mekundu tu. Akakataa. Nikabishana naye siku tatu. Hiyo ndiyo kazi ninayoiweza. Siku ya nne akaketi, akachambua mbegu: mekundu huku, mengine yote kule.

Mbegu hailiwi, kila mtoto wa kwetu anajua. Lakini jirani akafiwa, waombolezaji wakajaa, mboga ikapungua. Nikasema yale yaliyotolewa si mbegu tena, ni maharage tu. Tukayapika yote, na la bibi likiwemo.

Machi tukapanda mekundu shamba zima. Aprili mvua ikanyesha, ikasahau kukatika. Majani yakawa njano, kisha mashina yakalegea chini. Ukishika moja linakuteleza mkononi kama kamasi. Shamba zima lilinuka kama dekio lililosahauliwa ndani ya ndoo. Mama aling'oa mche mmoja akanisogezea puani.

"Nusa."

Nikanusa.

"Nusa tena. Si wewe hufanya kila kitu mara mbili?"

Ng'ambo ya njia, shamba la jirani aliyepanda mbegu za kuchanganya lilikuwa kama kinywa cha mzee: pengo hapa, jino pale. Lakini meno yalikuwepo, na yalizaa.

Ilibidi mama aombe mbegu. Kwetu, mtoto akizaliwa au binti akiolewa, mwanamke hupeleka kiganja cha mbegu zake, na mama alikuwa amepeleka viganja nyumba nyingi. Nilimfuata na kikapu. Mwanamke mmoja, mdogo kwake, alimwamkia vizuri kisha akacheka: "Shikamoo mama. Leo ndiyo unapokea?" Mama aliitikia marahaba, akakinga viganja viwili. Sijawahi kujichukia kama nilivyojichukia nikishika kile kikapu.

Tulipata aina kumi na nne. Nilirudia, zikabaki kumi na nne. La bibi halikuwemo.

Nikashuka hadi Ngumbo, kando ya ziwa, kwa dada mdogo wa mama aliyeolewa huko. Alikwenda nalo siku ya harusi yake. "Joto la huku lililishinda, mwanangu," akaniambia, "na yaliyobaki yalitobolewa yote na bungo." Nikauliza Mbamba Bay, nikauliza Mbinga, kila penye gunia lililo wazi. Wauzaji wote walinionyesha mekundu, tena kwa fahari, kama vile wao ndio walioyaumba.

Machi iliyofuata mama aliinama akipanda.

"Lile la mama yangu?"

"Bado natafuta."

Hakuniangalia. Alifukia shimo kwa unyayo, akasogea hatua moja, akafukia jingine.