Nilikata Video ya Nafula Itoshee Status

Mimi ndiye. Ile video ya karani wa uchaguzi wa Kabiro "anayeficha kura", iliyozunguka mpaka ikawafikia watu walio Dubai, ilitoka kwa simu yangu. Niiteni mshenzi. Bei hiyo sipingi, na wanaonijua wanajua napinga bei zote!

Nauza suruali za mtumba pale stage ya 56, Kawangware. Nafula alikuwa jirani yangu wa plot, mlango kwa mlango. Nikienda soko la Gikomba kuchagua mali, yeye ndiye aliniangalizia meza. Uchaguzi ukafika, akapata kazi ya ukarani shuleni pale karibu. Alipiga pasi blauzi ungedhani anaenda kuapishwa yeye.

Kura zikihesabiwa, wakala wa chama chetu akarekodi, akatupa kwa gurupu letu la WhatsApp. Dakika mbili. Nafula anainua karatasi: "Hii ya seneta imeingia kwa sanduku la gavana. Mmeiona wote?" Mawakala wanajibu, "Tumeona!" Ndipo anaitia kwa bahasha, kando.

Lakini mgombea wetu alikuwa nyuma kwa kura, na mimi nilikuwa na hasira. Tena status haikubali dakika mbili. Si ningeiacha? Thubutu! Bingwa wa kupunguza! Nikatoa mwanzo, nikatoa maneno, nikabakisha mkono wa Nafula ukiingia kwa bahasha. Juu nikaandika, "Kura zetu zinaenda wapi?" Swali tu, jamani. Kwani kuuliza ni hatia?

Na msidhani sikusikia maneno yale. Nilisikia. Nikarudia, nikasikia tena.

Kesho yake vijana walijaa kwa geti. "Toa huyo mwizi!" Landilodi, mzee mpole wa kanisa, akamwambia, "Mama, mimi sina shida na wewe. Shida yangu ni hizi mabati. Wakichoma?" Huruma iliyoje! Ikabidi Nafula ahamie kwa dadake, mtaa wa Sarang'ombe, siku hiyo hiyo.

Nani alimbebea godoro? Mimi! Nikatoa jasho kabisa.

"Asante, jirani," akaniambia. "Wewe pekee ndiye umebaki. Ungemjua aliyeikata hiyo video, ungeniambia, si ndiyo?"

"Aii, Nafula! Kwani mimi ni nani?"

Sasa oneni maajabu ya teknolojia. Picha ya fomu ya matokeo ya kituo chetu ilikuwa kwa tovuti ya tume ya uchaguzi, kila mwananchi aione bure. Nikaifungua nikiwa nimelala kitandani. Hesabu sawa, sahihi zote zipo, hata ya wakala wetu. Mtu wetu alishindwa kihalali, na mimi nilikuwa nimeshafukuzisha jirani. Ningeitazama fomu kwanza, ningebaki na bando na rafiki.

Nikaweka video nzima, vipande vipande, nikaandika kwamba aliyeikata ni mimi. Ile ya uongo ilitazamwa na Kawangware yote. Hii ya kweli ilitazamwa na shangazi yangu, ambaye hutazama chochote, na Nafula.

Akajibu mstari mmoja: "Sasa nimejua kwa nini ulijitolea kubeba godoro."

Nimepiga simu, hashiki. Nimefika Sarang'ombe, dadake akaniambia mlangoni, "Ametoka," na viatu vya Nafula viko pale pale! Nikienda Gikomba siku hizi, nafunga meza.

Wenzangu, uchaguzi utarudi, na simu zitakuwa na kamera kali zaidi. Mkiletewa kipande, ombeni video nzima. Na kama kipande mmekikata wenyewe, tafadhali, msijitolee kubeba godoro.