Pua Yangu na Mitungi ya Saa Kumi

Nikifumba macho, kitu cha kwanza ninachoona ni moshi. Ni moshi wa vijinga tunavyoingiza ndani ya mitungi ya maziwa ya ngamia ili yasichache njiani. Unatoka polepole, unazunguka ua wetu pale mtaani Wabera, na ndani yake watu wamechutama wakisugua, nusu wapo, nusu hawapo. Mmoja wao ni kaka yangu.

Sisi akina mama wauza maziwa tulikuwa na desturi yetu. Mtu akitaka kuacha pombe, hatumhubirii. Tunampa mtungi na brashi. Anakuja saa kumi alasiri, saa ile kiu inamshika, anaosha na sisi mpaka adhana ya magharibi. Mwiko ulikuwa mmoja tu: hakuna kumnusa mtu.

Sasa mimi, wallahi, ndiye niliyekuwa pua ya kikundi. Asubuhi maziwa yakishushwa kutoka kwa wafugaji, nafungua kila kifuniko, nanusa, nasema huu mzuri, huu rudisha. Sikuwa nimewahi kukosea, na nilijisifu sana kwa hilo. Kaka yangu alipofikisha mwezi wa nne bila kugusa chang'aa, nilimpenda mpaka kifua kikaniuma, lakini kumwamini, hata kidogo. Kila nikilala nilimwota ameanguka mtaroni.

Siku moja alasiri jua lilikuwa limelegeza kila kitu. Hata mbuzi walisimama tu ukutani kama wamesahau walikokuwa wakienda. Kaka akatokea nyuma ya choo, brashi mkononi, akapita karibu nami, na harufu ikanipiga: kitu kilichochacha, kikali. Busaa! Nikamshika mkono, nikanusa kiganja chake mbele ya watu wote.

"Umekunywa!" nikapiga kelele. "Miezi minne tunakubeba, kumbe unatuchezea!"

Kaka aliweka brashi chini taratibu, akatoka langoni. Akashika njia ya kwenda kibanda cha pombe.

Kulikuwa na mama wa Kiturkana kutoka Ngaremara, aliyepika busaa miaka mingi kabla ya kujiunga nasi. Aliokota ile brashi akainusa.

"Wewe mama, hii ni maziwa," akasema. "Mimi pombe naijua. Leo pua yako imekuangusha."

Nilitaka kumkimbilia nimvute kwa shati, wakanizuia. Kwetu anayeondoka havutwi, anapelekewa kazi yake. Basi tukabeba mitungi michafu, ndoo za maji na kijinga kikiwaka, tukatembea barabarani mchana kweupe, moshi ukitufuata. Watu wa bodaboda walitupisha, nadhani walipiga honi. Mimi nilisikia moyo wangu tu ukisema, nimemuua, nimemuua.

Tulimkuta ameketi kwenye jiwe mkabala na kibanda. Kando yake kulikuwa na kikombe kimejaa mpaka ukingoni. Hakuna aliyekigusa, hakuna aliyemsemesha. Tulishusha mitungi, tukachutama kumzunguka, tukaanza kuosha pale pale vumbini. Walevi mlangoni walitukodolea macho.

"Nimekosa, kaka yangu," nikasema. "Nisamehe."

Akanyoosha mkono. Mkono ukapita juu ya kikombe, ukachukua brashi.

"Kuna mtungi nyuma ya choo," akasema, akianza kusugua. "Ni wako. Uliusahau juani na maziwa ndani tangu asubuhi, yakaharibika. Nilikuwa nauosha kwa siri ili usiaibike mbele ya wenzako. Si wewe ndiye pua yao?"

Ya Rabbi! Nililia hapo barabarani bila kujificha, na mikono yangu imejaa povu. Yeye aliendelea kusugua. Tulipoondoka adhana ikiita, kikombe kilibaki kwenye jiwe, nzi wakielea ndani.

Kesho yake asubuhi maziwa yalishushwa kama kawaida. Wenzangu walinisubiri nifungue mtungi wa kwanza. Niliufungua, kisha nikampa kaka yangu.

"Nusa wewe," nikamwambia.