Jabali la Mstari wa Kijani

"Jabali utalitoa wapi, mama? Jabali!" Nambozo alinifokea huku akivuta godoro langu. "Injinia yuko njiani. Chukua kitanda chako, chukua kigoda chako, nenda kwa shangazi siku mbili tu. Ni hilo tunaloomba, basi."

"Shangazi yako anakoroma," nikamjibu. "Na kitanda cha mjane kikitolewa nje asubuhi, majirani wataanza kuchimba kaburi. Unataka nizikwe chai yangu ikiwa bado ya moto?"

"Mama, nakuomba."

"Achia godoro."

Hakuachia. Nikalikalia. Yeye akavuta upande wa kichwani, mimi nikajifanya mzito upande wa miguuni, na mashallah, kwa uzito Mungu hakuninyima.

Nambozo ni kitinda mimba wangu. Asubuhi hiyo alikuwa ameshuka basi la Jinja, akapanda baiskeli ya boda boda mpaka kwangu huku Nkoma, na hata maji alikuwa hajanywa. Alikuja kunihamisha kwa ajili ya mume wake, Kirunda. Sasa tuacheni kwanza pale juu ya godoro tukivutana, niwaeleze huyo Kirunda ni mtu wa namna gani.

Nitaeleza vizuri, lakini uso wake msiniulize. Sijauona. Kwetu Wagisu mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani, hawapeani mkono, na mahali mama mkwe anapolala mkwe hapakanyagi. Wasoga nao, ambao ndio watu wa Kirunda, wanalo jambo hilohilo, kwa hiyo alinikimbia kwa mila mbili. Siku ya harusi alipitishwa mbele yangu amefunikwa mwavuli, nikaona viatu tu. Mara moja tulikutana uso kwa mgongo pale sokoni Mbale: yeye akaruka mtaro, mimi nikajitosa katika duka la vifaa vya ujenzi, nikatoka na misumari ambayo mpaka leo sina pa kuipigilia.

Kuna njia ya kuyamaliza hayo. Mkwe analeta blanketi na kuku, mama mkwe anavipokea kwa mkono wake mwenyewe, na kutoka siku hiyo mnatazamana kama watu. Kirunda miaka tisa hakuleta. Si kwamba ni mchoyo. Alisema hawezi kusimama mbele yangu akiwa kibarua. Kwanza aandikwe kazi ya kudumu, apewe barua yenye mhuri, ndipo aje na blanketi zito, la kudumu kama kazi yake. Kwa hiyo mimi nilikuwa naingoja barua ya serikali kama vile ni mimi nitakayevaa sare, kwa sababu nilitaka kuona mwanangu amelala na mtu gani miaka yote hiyo.

Yeye ni mshika mnyororo katika ofisi ya barabara, Jinja. Msidhani ni mnyororo wa kufungia mbwa. Ni wa chuma, mrefu kama mkia wa joka la mto Mpologoma. Wapimaji wanapoitafuta barabara ambayo bado haijazaliwa, mmoja anachungulia katika darubini ya miguu mitatu, mwingine anatangulia mbele na mnyororo na fito nyekundu kwa nyeupe, anapigilia vigingi. Huyo wa mbele ndiye Kirunda. Hatua zake zote ni sawa, hata za kwenda chooni. Nambozo anasema usiku akiota anahesabu, na asubuhi anaamka amechoka kama aliyefika Iganga.

Mwaka uliotangulia, yaani tisini na tano, wakubwa walitaka njia mpya ndefu ya kutoka Jinja mpaka Mbale na kuendelea mbele, magari makubwa yasipite katikati ya miji na kuua mbuzi. Hawakujua ipite wapi. Mimi jambo hilo lilinishangaza sana. Nilidhani barabara inajijua yenyewe. Nilimuuliza Nambozo: sasa wanatafutaje kitu ambacho hakipo? Akasema wanachora mistari mitatu juu ya ramani. Mwekundu unazunguka kusini kwa Tororo. Wa buluu unakata Tirinyi, katikati. Wa kijani unapanda kaskazini, Kaliro na Pallisa, kisha unaingia Mbale kwa mlango wa Nkoma. Halafu wanatembea mistari yote mitatu kwa miguu, wanachimba vishimo waonje udongo, wanahesabu magari, na ule usio na makosa mengi ndio unaoolewa.

Kuhesabu magari walimpa Kirunda pia. Alikaa njia panda tangu jua kuchomoza, na mifuko mitatu: harage moja kwa lori, punje ya mahindi kwa basi, njugu kwa gari dogo. Lakini chakula chake kilichelewa. Ilipofika saa nane mchana njaa ikambana, akaanza kula njugu. Ndiyo maana katika karatasi za ofisi kuna Jumanne moja ambayo nchi nzima hapakupita gari dogo hata moja. Kama ni uongo, ni uongo wa Nambozo. Mimi nimeongeza chumvi kidogo tu.

Na kule Mpologoma, katika mafunjo, alivuka ameuma mnyororo kwa meno, maji yakimfika shingoni. Mbu wa huko, wale wa kiume wana ndevu. Kiboko mmoja alikalia kigingi nambari mia mbili na sita, wakamngoja siku nzima ainuke. Injinia Otim, ambaye ndiye mkubwa wao, mtu wa kaskazini, mrefu, hacheki mpaka aandikiwe, alimwambia siku hiyo: "Kirunda, hii mstari ikifika Mbale bila kupinda, mimi naandika barua yako."

Basi ukafika Mbale. Kigingi kwa kigingi, umenyooka kama uzi wa fundi, ukapita mtama, ukapita kanisa dogo, ukapita kisima, na Kirunda mbele, kichwa chini akihesabu. Alipoinua kichwa akaona leso yangu.

Leso ile ya njano, juu ya kamba, uani kwangu. Na nyuma ya leso, miguu yangu.

Mstari wa kijani ulikuwa unaingia mlango wangu wa mbele na kutokea jikoni. Katikati yake, kitanda changu. Mtu mwingine angebisha hodi. Kirunda aliteremsha macho, akageuka kushoto kama askari aliyepigiwa amri, akanizunguka na mnyororo wake kwa mbali, nyuma ya migomba ya jirani, kisha akarudi kwenye mstari wake na kuendelea. Mimi niliona fito tu zikipita juu ya majani, nyekundu, nyeupe, nyekundu, nyeupe. Nikajiuliza hicho ni kitu gani, kinatembea kwa adabu hivyo.

Injinia Otim alikuwa nyuma sana, jicho kwenye darubini. Akapaza sauti: "Kirunda! Kwa nini unapinda?"

Sasa mtu mzima atasema nini? Atasema namwogopa mama mkwe, mbele ya vibarua kumi? Akajibu lililomjia: "Jabali, afande! Jabali kubwa!"

Otim akaandika jabali.

Wangelisahau, mambo yangeisha. Lakini karatasi ilikwenda Jinja, ikawekwa juu ya meza kubwa, na wakubwa wakaipenda. Barabara inataka kokoto, na kokoto ndiyo inayokula pesa kwa kusafirishwa kutoka mbali, kwa sababu huku kwenye tope la Pallisa jiwe la maana ni lile la kusagia. Sasa hapa wanaona jabali, zima, kando ya mstari, kubwa kiasi cha kupindisha njia ya malori! Mstari wa kijani, uliokuwa wa mwisho, ukawa wa kwanza. Wakasema: kabla ya kikao cha Jumatatu, Injinia nenda na nyundo, tuletee kipande cha jabali hilo.

Kipande! Cha mimi!

Haya, rudini godoroni.

"Mpango ni huu," Nambozo alikuwa akisema, jasho linamtoka puani. "Wewe ukiondoka na vitu vyako vya kulalia, nyumba inakuwa nyumba tu. Kirunda anaweza kupita. Atavuta mnyororo moja kwa moja, atamwambia Injinia siku ile kulikuwa na ukungu, aliona vibaya."

"Ukungu ulikuwa na umbo langu?"

"Mama, ile barua imekwisha pigwa taipu. Nimeiona kwa macho yangu. Imebaki sahihi ya Otim. Miaka kumi na mmoja ya kibarua, mama! Akijulikana alidanganya, hata kibarua hapati."

Nambozo si mtu wa kulia, lakini sauti yake ilikuwa inakwaruza.

"Tuwape jabali," nikasema. "Tukodi vijana, tuteremshe moja kutoka mlima Wanale. Zamani marehemu baba yako, alipokuwa mpishi wa jeshi kule Jinja, walihamisha sufuria ya ugali kubwa kuliko nyumba hii. Askari alitumbukia akikoroga, wakamtoa baada ya siku mbili amenenepa."

"Mama, hii si hadithi."

"Au mwambie Injinia jabali lipo, limekaa juu ya godoro. Apige nyundo taratibu."

Akacheka bila kutaka, akakasirika kwa kuwa amecheka, akavuta kwa nguvu mpaka mshono ukachanika na pamba ikaruka. Ndipo tukasikia Landrova ikizima barabarani.

Milango miwili. Viatu jozi mbili. Jozi moja niliijua, ile ya hatua zilizo sawa. Vikasimama nje ya ukuta wangu wa mbele, karibu kabisa, hata nikasikia karatasi ikikunjuliwa.

"Hapa," ilisema sauti nzito. "Kigingi ya mwisho kabla ya kona. Sasa Kirunda, jabali iko wapi?"

Nambozo aliniachia godoro, akanishika mkono. Kuku wangu mmoja tu ndiye aliyekuwa akisema.

"Mimi naona migomba," sauti nzito ikaendelea. "Naona choo. Naona nyumba ya mtu. Jabali iko wapi?"

"Afande," Kirunda akasema, na sauti yake ilikuwa nyembamba kuliko nilivyozoea kuisikia nyuma ya pazia, "jabali hakuna."

"Hakuna namna gani? Mimi niliandika!"

"Hakuna, afande. Hapa ni kwa mama mkwe."

Nambozo akafumba macho. Mimi nikafungua yangu zaidi, nikasogea kwenye ufa wa dirisha, nikaona bega la Otim na ramani. Bega halikutikisika. Likakaa hivyo muda wa kumenya ndizi tatu.

"Kitanda yake iko ndani?" Otim akauliza mwishowe.

"Kiko kwenye mstari kabisa, afande."

"Kwetu pia hatuingii," Otim akasema polepole. Kisha akakunja ramani kwa hasira, akaikunjua tena. "Lakini wewe umenifanya niwaletee wakubwa jiwe ya uongo! Bila jabali, kijani imekufa. Jumatatu watachukua ya buluu, mimi najua. Ife. Lakini mstari yangu haiwezi kufa na kona ya uongo ndani. Shika mnyororo. Pita moja kwa moja, mlango hii mpaka jikoni, naangalia na darubini. Ukinyoosha, natia sahihi leo, hapa, juu ya boneti. Ukipinda tena, usirudi na sisi Jinja."

"Afande, mwenyewe yumo ndani."

"Basi ongea na yeye. Ni mkwe wako, si wangu."

Nikasikia miguu ya darubini ikikitwa ardhini, moja, mbili, tatu.

"Toka na mlango wa nyuma!" Nambozo akaninong'oneza, akinisukuma mgongoni kwa mikono yote. "Mama, haraka, kitanda nitakitupa nje dirishani."

"Kitanda hakipiti dirishani, ulizaliwa juu yake, hukukipima?"

"Basi toka wewe!"

"Sitoki. Akinikuta nimekimbia, ameingia kwangu kama mwizi. Maisha yake yote atakumbuka barua yake aliipata kwa kukanyaga kitanda cha mtu. Aingie nikiwepo, kwa ruhusa yangu." Nikaweka mdomo kwenye ufa wa dirisha. "Wewe Kirunda!"

Nje, kitu cha chuma kilianguka. Miaka tisa sikuwahi kumwita jina.

"Ndiyo, mama mkwe," ikajibu sauti, kutoka chini, nadhani alikuwa amechutama.

"Kuku ninao wangu, namchinja mwenyewe. Blanketi litakuja likija. Mimi nimekwisha pokea. Umesikia? Nimepokea. Vuta mnyororo wako."

"Mama!" Nambozo alishika kichwa. "Hupokei kitu ambacho hakijaletwa! Watu watasema nini? Blanketi kwanza, ndiyo mila!"

"Mila ya nani? Mkwe ni wako au wangu?"

"Wangu! Mume wangu!"

"Umemtazama miaka tisa. Nipishe."

"Jifunike basi, mama, jifunike uso angalau!" Akanirushia shuka kichwani. Nikaling'oa. Akanirushia tena, nikalishika upande mmoja, yeye upande mwingine, tukaanza upya kuvutana kama na godoro, pamba zikiruka juu ya vichwa vyetu. "Mama, huna hata kilemba! Nywele zako..."

"Nywele zangu zina mvi, hazina upele. Na mwambie nikimkuta ana sura mbaya, nitasema wazi, sitaki aje kusikia kwa majirani kwamba mama mkwe wake..."

Mlango ukasukumwa. Kirunda akaingia, ncha ya mnyororo mkononi, kichwa juu, macho kwangu.