Ukoko wa Penina

Jiko la chuo chetu liko nyuma ya bweni la wavulana, na moshi wake unaingia madarasani bila kubisha hodi. Wakufunzi wanalalamika asubuhi, halafu saa saba wanakuja na sahani. Humo ndimo nilimojuana na Penina. Alitokea Kibara, alikokuwa anaanika dagaa, na kabla ya hapo alifanya kazi za ndani Kitaji, Musoma mjini, kwa watu waliomwita dada mpaka akaota mvi. Mwanamke mrefu, mkimya, anasonga ugali wa sufuria kubwa kama anapiga kasia. Mimi ndiye mkubwa wa jiko, na wapishi wakimya nawapenda, maana maneno yangu yanatosha jiko zima.

Ukimuuliza habari za watoto alikuwa anajibu kwamba Mungu hakupenda. Nilijua anadanganya, lakini uongo wa namna hiyo mtu anaachiwa.

Siku ya wanafunzi wapya kuripoti, uwanja ulijaa magodoro, matranka, ndoo na majembe, maana chuo cha ualimu bila jembe hupokelewi. Bibi mmoja aliyevaa kitenge cha kanisani alikuja jikoni kuomba maji ya kunywa. Nyuma yake kijana mrefu amebeba tranka kichwani. Penina akageuka na kikombe, akaangaliana na yule bibi, na maji yakamwagikia miguuni. Bibi akamwambia kijana atangulie bwenini. Kijana alipoondoka ndipo akasema, polepole, kama mtu anayesali:

"Baba yako alikataa kurudisha ng'ombe zangu. Basi huyo ndiye ng'ombe zangu. Ana mama mmoja tu, na ni mimi."

Akanywa maji yaliyobaki, akashukuru, akaenda zake.

Jioni, tukichambua maharage, Penina alinieleza. Yule ni bibi Matrida, mjane wa huko ndani Butiama, aliyezaa mabinti watupu. Kwetu Mara mjane kama huyo anaweza kutoa ng'ombe akaoa mwanamke mwenzake, ili boma lisizimike. Mwanamume wa kuzaa naye anatafutwa, anakuja na kuondoka, na watoto wanakuwa wa bibi. Tunaita nyumba ntobhu. Watu wa kanisa wanaisema vibaya Jumapili, na Jumatatu unawakuta wanakula harusi yake. Penina aliolewa hivyo akiwa binti mdogo, na mwanamume aliyechaguliwa na bibi alikuwa mpigaji. Alimpiga mpaka taya likateguka. Penina akakimbia usiku ule ule, mtoto akabaki amelala kwa bibi. Alipofika kwao akakuta ng'ombe za mahari yake zimeshamwolea kaka yake mke, baba hana cha kurudisha. Akarudi kwa bibi kuomba mtoto, akafunguliwa mbwa.

Mtoto huyo ndiye Werema, aliyebeba tranka.

Nilimuuliza kama atamwambia.

"Akimaliza chuo, Mama Naomi," alisema. "Akiwa na kazi yake, hata bibi akimfukuza bomani hatalala njaa. Sasa hivi bibi ndiye anayemsomesha. Nikifungua mdomo namharibia."

Basi akafunga mdomo. Akawa anaishi kwa kengele ya chuo kama vile yeye ndiye mwanafunzi. Alfajiri, vijana wakikimbia mchakamchaka na nyimbo zao, alikuwa anaacha kuni zizimike ili asikilize sauti moja. Saa ya usafi alijua Werema amepangiwa vyoo au bustani. Kwaya ikifanya mazoezi, alijua yuko upande wa besi. Sisi wengine tulijua tu kwamba maharage yana wadudu.

Na ukoko. Ukoko wa sufuria kubwa ni haki ya wapishi. Haijaandikwa popote, ila hata mkuu wa chuo anaijua. Tunaukwangua, tunagawana, kila mtu na kipande chake. Penina cha kwake hakula tena. Alikuwa anakificha chini ya ugali wa Werema, kingali kikavu. Kijana anapokea sahani, anasema "asante mama", neno wanalotuambia wote, anaondoka. Mimi wanafunzi wote nawaita mwanangu, hata wale wezi wa vijiko. Penina naye aliwaita hivyohivyo, isipokuwa Werema. Yeye alimwita "wewe kijana". Neno la kweli lilikuwa linamkwama.

Wanafunzi wana macho, hasa kwenye foleni ya chakula. Walianza na utani. "Werema, shemeji ametuwekea nini leo?" Yeye anacheka, anakula. Kisha Penina akafanya kosa. Wanafunzi walikuwa wanakwenda Bunda kwa mazoezi ya kufundisha, na shati la Werema lilikuwa kwenye kamba, limekunjamana kama tumbili mzee. Penina akalianua, akalipiga pasi ya mkaa palepale jikoni, akaliweka kwenye hanga, akampelekea mpaka mlango wa bweni. Kwetu mwanamke anampigia pasi mwanawe au mume wake. Na kwa kuwa Penina hana mtoto, wote wakahesabu wakapata jibu moja. Waliporudi kutoka Bunda, chuo kizima kilishajua kwamba Werema ameolewa na mpishi.

Mwalimu Machage, mlezi wa wanafunzi, akawaita wote wawili ofisini. Nikaenda kama mkubwa wa jiko. Njiani Penina alinishika mkono akaniambia nikitamka neno moja, mimi na yeye basi. Nikafunga mdomo, kazi ambayo sikuizoea.

Mwalimu Machage alikuwa anaangalia dari. Alisema chuo kina maadili, uvumi umefika kwa mkuu, na yeye angependa kumaliza jambo hili kistaarabu. Halafu akamgeukia kijana.

"Werema, huyu mama ni nani kwako?"

Penina hakumwangalia. Mimi nilimwangalia. Paji lile lile, mabega yale yale. Lilitakiwa neno moja tu.

"Mpishi," akasema.

"Si ndugu yako?"

"Hapana, mwalimu. Mpishi tu."

Penina akasema ni kweli, na kwamba yeye ndiye aliyekuwa anamsumbua, kijana hana kosa. Akaambiwa akabidhi aproni siku hiyohiyo. Werema akaonywa, akaambiwa arudi darasani.

Tulikuwa tumefika kwenye tangi la maji ya mvua Werema alipotufuata. Penina akasimama. Akajifuta mikono kwenye aproni, mikono mikavu kabisa.

"Bibi aliniambia siku ile ile ya kuripoti," kijana akasema. "Nilikujua tangu mwanzo."

"Na hukusema?"

"Niseme nini? Uliniacha nimelala." Akaangalia chini. "Ule ukoko nilikuwa nakula tu. Kila mtu anapenda ukoko."

Kengele ikalia. Nilikuwa nimeshapanga matusi ya kumfaa, ya Kizanaki, maana Kiswahili hakina makali ya kutosha. Penina akanizuia. Akasema nimwache, atachelewa kipindi.

Siku ya mahafali bibi Matrida alikuja na kitenge kipya. Mama wa wahitimu walipoitwa kuvisha watoto maua, alikwenda kwa mkongojo wake akamvisha Werema, na kwaya ikaimba. Mimi nilikuwa napakua pilau.

Penina anauza mihogo ya kuchemsha Kiabakari, kando ya barabara. Nilipita kwake mwezi uliopita nikielekea Musoma. Hakuuliza habari za jiko, wala nani sasa anachukua ukoko wake. Aliuliza kitu kimoja, kama Werema amepata kazi.

Nikamwambia kweli. Ajira hakuna; wenzake waliomaliza mbele yake wanaendesha bodaboda Bunda na vyeti vimefungwa kwenye nailoni. Werema yuko bomani kwa bibi, anachunga ng'ombe. Bibi amesema kijana ataoa mwakani, na mahari ipo.

Aligeuza mihogo ambayo ilikuwa imeshaiva.

"Basi bado," akasema. "Akipata kazi nitamwambia."

Akanifungia mihogo kwenye gazeti, akachagua ile minene, na chumvi na pilipili pembeni. Yale maneno ya kwenye tangi aliyasikia yeye kwa masikio yake. Sikuwa na haja ya kumkumbusha. Nikapokea, nikapanda gari.