Makala ya Placide

Huko mtaa wa Kikula bado wanasema kwamba marehemu mume wangu, Placide, aliiba gunia la sumu kiwandani akalimwaga katika maji ya majirani. Placide hakuiba kitu. Nimefundisha shule miaka kumi na minane, najua kuandika sentensi ikaeleweka. Basi hiyo ieleweke.

Mwaka 1994 maabara ya maji ya kiwanda alikofanya kazi ilibaki na meza tupu. Maji ya robine, yale ya bomba, yalitoka mara mbili kwa juma, rangi ya chai, harufu ya bwawa. Placide hakuweza kutulia. Hata chakula alikula amesimama. Alinunua kokwa za ngazi, yaani za michikichi, kwa wachuuzi wa treni ya Kasai, akazichoma katika pipa lililofungwa ili hewa isiingie, halafu zikiwa bado nyekundu akazipitishia mvuke kwa bomba. Mvuke huo, alinieleza, hutoboa kila punje vitundu visivyoonekana, na humo ndimo harufu hunaswa. Kwa Kifaransa ni charbon actif. Majirani hawakuwa na jina lake, naye kwa haraka zake akasema: makala, kama yale makaa ya kupikia. Kosa lake ni hilo, na ni hilo tu.

Pipa la kwanza la kuchujia aliliweka katika lupango la jirani, ua mmoja wa familia nne. Chini changarawe, juu yake mchanga, kisha hayo makala yaliyooshwa mpaka maji yakaacha kuwa meusi. Aliwaambia maji yakishapita humo bado yachemshwe, kwa kuwa makala hunasa harufu lakini hayaui vijidudu. Tena baada ya miezi mitatu makala huchoka, wamwite abadilishe.

Hawakumwita. Mwezi wa nne tangu pipa liwekwe, watoto watatu walianza kuharisha, na mmoja, binti wa miaka mitano, hakufika hospitali. Kabla hajazikwa, maneno yalikuwa yamekwisha kuzunguka mtaa.

Placide alikwenda, nami nikamsindikiza. Alizamisha mkono katika pipa hadi kiwiko, akatoa kipande cha mti kilichoungua nusu, makala ya kuwashia mbabula, jiko letu la makaa, na majivu yake. Mmoja wa akina mama wa ua ule alitufuata nyuma ya jiko. Mtoto aliyekufa hakuwa wake.

"Papa Placide, weye ulisema makala. Minye nilitia makala. Maji ilitoka muzuri, nikaona kuchemsha ni kumaliza moto bule."

"Umemwambia nani?"

"Hakuna muntu."

"Basi usimwambie."

Nilimgombeza njiani, nikamgombeza nyumbani. Nilimwambia jina analolitupa si lake peke yake, ni la watoto wetu pia. Alitembea kutoka mlangoni hadi dirishani, akarudi, akaenda tena. Alisema mama aliyefiwa na huyu aliyetia makala wanalala ukuta kwa ukuta. Siku atakaposema, lupango lile litatoa visu. Isitoshe, neno alilitamka yeye mwenyewe.

Alifariki miaka miwili baadaye. Kutoka ua ule alikuja kilioni mtu mmoja tu. Aliosha vyombo siku tatu bila kuinua uso.

Wanangu wananiuliza ni nani aliyetia makala yale. Mashemeji nao wanauliza, tena kwa hasira. Ninamjua. Sitamtaja.