Siku Niliyoisifu Karte ya Duka

Watu wa ofisini kwetu hupenda kuniuliza swali moja, kwa sababu wanajua niliwahi kuwa nayo: ile karte ya duka, ina faida kweli? Huwa najibu haraka na kubadilisha mazungumzo. Leo nitajibu polepole, maana nimechoka kujificha.

Kadi yenyewe ilikuwa ya buluu, na jina la duka limeandikwa juu yake kwa herufi za dhahabu. Lilikuwa duka kubwa la katikati ya mji, lenye vioo na mlinzi mlangoni. Kadi walipewa watu wenye mshahara: unachukua bidhaa leo, na mwisho wa mwezi duka linajikatia kwenye mshahara wako kabla haujakufikia. Kila ukinunua unapewa alama, na alama zikijaa unapewa zawadi. Nilikuwa karani katika ofisi ndogo, na siku niliyoipata niliishika mkononi njia nzima hadi nyumbani, mtaa wa Mabanga, badala ya kuitia mkobani. Nilitaka ionekane. Ni upuuzi, lakini ndivyo nilivyokuwa.

Kwa mwaka mzima alama zangu zilinipatia termosi moja. Ili niipate nilinunua siagi ya kopo, jibini, na sabuni yenye harufu ya maua ambayo mume wangu alikataa kuoga nayo. Sijawahi kunywa chai ya ghali kama ile iliyotoka kwenye termosi hiyo. Mshahara nao ulinifikia ukiwa umeshatafunwa, hata nauli ya pikipiki ikawa shida. Kadi yenye jina la duka inajulikana ndani ya duka hilo tu. Ukitoka nje ya mlango wake, umeshika kipande cha plastiki.

Karibu na kona ya kwetu alikuwepo mama mmoja aliyeuza maharage. Kwao ni milima ya Masisi. Aliniita kiliyenti, yaani mteja wake, nami nikamwita hivyo hivyo, na kila kopo alilonipimia aliliongezea kiganja cha matabishi, ile nyongeza ambayo muuzaji humpa mnunuzi wake kwa hiari. Nilipojifungua mtoto wa pili aliniletea uji kila asubuhi kwa wiki nzima. Baada ya kupata kadi nilianza kuipita meza yake kwa mbali, nimebeba mifuko ya duka. Aliendelea kunisalimia kama kawaida, na hilo lilinikera, kwa sababu nilijua ni mimi niliyebadilika.

Kisha mume wake akafariki. Kwetu huendi matanga mikono mitupu, na unacholeta kinaandikwa kwenye daftari na kusomwa mbele ya watu. Sikuwa na kitu mfukoni. Ningeweza kwenda kukaa naye tu, nikasema nitaleta baadaye, na asingenilaumu. Lakini mimi mtu wa ofisi, nisomwe kuwa sikuleta kitu? Nikaenda dukani na kadi yangu. Makala, yaani mkaa wa kupikia, hawakuuza, wala sukari ya gunia. Nikachukua maboksi mawili ya biskuti na jibini la duara lililofungwa vizuri kwenye plastiki.

Uani kwao, akina mama walikuwa wanapika juu ya mawe meusi, na wanaume wamekaa kwenye mabenchi. Kaka wa mfiwa alikuwa ameteremka kutoka Masisi, na ndiye aliyepokea vitu na kumtajia mwenye daftari. Alipofika kwenye jibini langu aliligeuzageuza. Nilikuwa nimesahau kubandua karatasi ya bei. Akaisoma bila haraka.

"Hii iko ya kwetu," alisema kwa upole. "Miye mwenyewe ndiye ninatengenezaka. Kumbe huku inafikaka bei hii."

Hakunidhihaki. Mwenye daftari akasoma kwa sauti: biskuti, maboksi mbili, fromaji, moja. Mtu mmoja nyuma akakohoa ili asicheke. Wengine walikuwa wameleta mchele, makala, mafuta, bahasha zenye franga mbili tatu. Niliona aibu, nikakaa nimeinamisha kichwa mpaka watu wakaanza kuondoka.

Aibu hiyo ningeweza kuizoea. Ile ya pili ndiyo siizoei.

Wiki chache baadaye yule mama alikuja kwangu mchana, bado amevaa nguo za msiba. Alikaa, akanywa chai, akaulizia watoto. Ndipo akasema:

"Kiliyenti, mutaji yangu yote iliisha ku kilio. Niliona weye unakamataka vitu na karte, bila franga. Banasema sasa ata siye ba soko tunaweza kamata, bora tubaachie karatasi ya parsele. Miye sikusoma. Weye ndiye unajua. Iko muzuri?"

Parsele ni kiwanja, na karatasi yake ndiyo hati ya kukimiliki. Nilikuwa najua. Hakuna aliyejua kuliko mimi. Lakini kumwambia ukweli kulikuwa kumwambia pia kwa nini nilikuja kwenye msiba wake na biskuti. Aliningoja, kikombe mkononi.

"Iko muzuri," nilisema. "Mimi inanisaidia sana."

"Na karatasi ya parsele, batanirudishia?"

"Watakurudishia."

Akashukuru kwa mikono miwili.

Mwezi uliofuata nilimkuta mezani pake, beseni limejaa maharage. Chini ya meza kulikuwa na pakiti nyingi za plastiki zilizopasuliwa, zote zina jina la lile duka. Alikuwa anayanunua kule kwa kadi, kwa bei ya kule, anayamimina kwenye beseni na kuyapima kwa kopo kwa bei ya mtaani, iliyo chini ya ile aliyonunulia. Hakuwa na pengine pa kuyatoa bila pesa taslimu.

"Aksanti, mama," aliniambia. "Bila weye ningelifunga meza."

Nilinunua makopo mawili. Nilikuwa na nafasi ya kusema, hapakuwa na mtu mwingine, na sikusema. Karatasi ya kiwanja chake bado iko kwenye droo ya duka.